Wabisha Hodi wa Oga: Shajara ya Siku Tano

29 Desemba

Kwenda kwa watu mikono mitupu ni aibu, na Wajapani katika jambo hili ni kama sisi, pengine wanatushinda. Wiki nzima nimehangaika na zawadi. Mwishowe nimenunua pakiti mbili za kahawa zilizoandikwa Kilimanjaro, jina ambalo halikosekani kwenye rafu za kahawa hapa Japani. Basi mtoto wa Tanga nawapelekea Wajapani kahawa ya kwetu, imekaangwa na wao wenyewe, nami nimeinunua kwa yeni.

Ninakokwenda ni Oga, rasi iliyochomoza kwenye Bahari ya Japani katika mkoa wa Akita, kaskazini. Mwenzangu wa maabara hapa Sendai kazaliwa huko. Tangu Oktoba ananiambia: njoo umwone Namahage, yule mgeni wa kinyago anayebisha hodi usiku wa mwisho wa mwaka, nyumbani kwa watu, usiridhike na yule wa kwenye mabango. Wa kwenye mabango nimeshamzoea: uso mwekundu au wa buluu, meno nje, vazi la mabua ya mpunga, kisu kikubwa mkono mmoja na ndoo ya mbao mkono wa pili. Yumo kwenye chupa za pombe, yumo kwenye soksi.

Komachi, treni ya mwendokasi ya Akita, huenda imeungwa na treni nyingine hadi Morioka. Hapo zinaachana, na Komachi inakata magharibi kupitia milimani kwa reli ya kawaida na mwendo wa kawaida, miti yenye theluji ikipita karibu kabisa na dirisha. Kufika Omagari ikasimama, halafu ikaanza kurudi kinyumenyume. Nilishtuka nikawatazama wenzangu. Hakuna aliyeinua macho. Kumbe reli ndivyo ilivyojengwa, treni huingia kituo hicho kichwa mbele na kutoka mkia mbele, na kwa nusu saa iliyobaki hadi Akita abiria wote tunaipa safari mgongo. Viti vinageuzika, lakini hakuna anayejisumbua.

Kutoka Akita hadi Oga ni kama saa moja, kwa treni ndogo inayotumia betri. Mabehewa mawili, moja jekundu na moja la buluu, rangi za Namahage hizo hizo. Saa kumi na moja jioni giza lilikuwa limekwisha kuingia. Sendai kuna baridi. Hapa kuna upepo. Unatoka baharini bila kupunguzwa na kitu, unakuingia masikioni kama maji.

Chakula cha usiku kilikuwa hatahata, samaki mdogo asiye na magamba anayesogea pwani ya Akita kutaga mayai mwezi wa Desemba, majira ya radi za baridi. Namna moja ya kuandika jina lake ni kuweka alama ya samaki ubavuni mwa alama ya mungu. Mayai yake huitwa buriko, yanateleza, na ukiyatafuna yanapasuka kwa mlio unaosikika hadi ng'ambo ya meza. Mwaka 1992 walikuwa wamepungua mno, wavuvi wa Akita wakakubaliana kusimamisha uvuvi wake miaka mitatu mizima. Wakarudi. Miaka hii wamepungua tena, na bibi wa nyumba hii aliitaja bei ya wale wachache aliowapata mara tatu kabla hatujamaliza kula.

30 Desemba

Asubuhi tumekwenda sokoni na mwenzangu, tukapita chini ya sanamu mbili za Namahage zilizosimama kando ya barabara kuingia rasi, moja mita 15 na nyingine 12. Ni kubwa, ndiyo. Mpita njia hupiga picha akaondoka. Siku yangu hasa ilianza baada ya hapo, kwenye ukumbi mdogo wa mtaa, mbele ya lundo la mabua.

Vazi la Namahage huitwa kede. Ni mabua ya mpunga yaliyosukwa upande mmoja na kuachwa yaning'inie upande wa pili, moja linafungwa mabegani na jingine kiunoni. Kila mwaka husukwa mapya. Shida ya siku hizi ni mabua yenyewe: mashine za kuvunia huyakatakata pale pale shambani, na kwa kede unahitaji bua refu. Mzee mmoja wa hapa hubakiza kipande cha shamba akakivuna kwa mkono kwa ajili ya siku hii tu.

Walikuwa wazee saba na vijana watatu, na kijana mdogo kuliko wote ana miaka 38. Nikaketi nao. Wakanionyesha mara moja, nami nikaanza, na vidole vikakumbuka vyenyewe: ni kusuka makuti! Unakunja hapa, unapitisha chini ya mwenzake, unavuta. Nimekulia kwenye ua wa bibi yangu Tanga ambako kila mtoto alikuwa na idadi yake ya makuti ya kumaliza kabla ya kwenda kucheza, na niliichukia kazi ile kuliko shule. Yule mzee wa mabua akachukua kipande changu, akakivuta kwa nguvu kukijaribu, akakitazama tena, akanirushia lundo jingine. Nikaelewa nimefaulu.

Kazi ya mikono hufungua midomo. Nilimwambia mwenzangu kwamba kwetu kiumbe mwenye sura hii tungemwita zimwi. Akatafsiri. Wazee wote wakatikisa vichwa. Zimwi ni oni, wakasema, na huyo watu humfukuza kwa maharage mwezi wa Februari. Namahage hafukuzwi, anakaribishwa. Anashuka kutoka mlimani mara moja kwa mwaka, anakemea uvivu, anaondoa nuksi, anaacha heri. Wataalamu wao wana neno la jumla kwa wageni wa aina hii, raihoshin, miungu wanaokuja kutembelea, na mwaka 2018 UNESCO iliorodhesha desturi kumi za namna hiyo kwa pamoja, kutoka huku theluji hadi Miyakojima kule kusini, ambako mgeni huja amepakwa tope na kumpaka kila anayemkuta. Ya karibu na ninapoishi ni ile ya Yonekawa, mkoa wa Miyagi, wanaume waliovaa mabua humwagia maji paa za nyumba ili zisiungue mwaka mzima. Miaka mitatu nakaa Miyagi na sijawahi kuisikia.

Mimi ni Mwislamu na neno miungu lilinikaa vibaya kidogo mdomoni. Nimeamua kwamba nimekuja kuwa mgeni miongoni mwa wageni, na adabu ya mgeni naijua.

Jina je? Bibi alinieleza usiku, akapandisha suruali hadi gotini kunionyesha miguu yake. Zamani kila nyumba ilikuwa na jiko la shimo katikati ya sakafu. Mtu mvivu akikaa hapo majira yote ya baridi, akiota moto wakati wenzake wanafanya kazi, ngozi ya miguuni hupata mabaka mekundu ya joto. Mabaka hayo kwa lahaja yao ni namomi. Kuyabandua ni hagi. Ndiyo kazi ya kile kisu: kubandua alama za uvivu. Na ndoo, nikauliza? Bibi akanitazama kama mtu asiyewahi kufanya kazi ya jikoni. Ya kutilia yaliyobanduliwa.

31 Desemba

Nyumba imesuguliwa tangu alfajiri. Nilipewa madirisha.

Nyumba ya jirani iko kimya. Walifiwa mwezi wa Agosti, na Namahage haingii nyumba yenye msiba wa mwaka huo, wala yenye uzazi mpya. Babu mwenye nyumba aliniambia haya huku akiwaandalia wageni meza yao sebuleni: vijibakuli vyekundu, hatahata, mboga za kuchemsha, figili iliyokaushwa kwa moshi, mochi, yaani vitumbua vya wali wa kunata uliopondwa, na chupa ya sake, pombe ya mchele. Meza ya mtu mzima anayeheshimiwa. Tangu asubuhi mjukuu wa miaka mitano amekuwa akiizunguka meza hiyo bila kuigusa. Amekula karoti zake zote mchana, bila kuambiwa.

Saa moja na nusu usiku runinga ilikuwa kwenye shindano la nyimbo la NHK, shirika la utangazaji la umma, lile la kila mwisho wa mwaka. Mlango ukagongwa taratibu. Ni msaidizi wao, sakidachi, mtu asiye na kinyago, ambaye hutangulia kila nyumba kuuliza kama wageni waingie. Hodi kamili, kama ya kwetu: bila kukaribishwa hawaingii. Babu akatoka, wakanong'ona dakika moja. Runinga ikazimwa.

Halafu ukuta ukapigwa kwa nje. Sitasema uongo, moyo uliruka. Nilijua ni nani, kede ya mmoja wao nusu nimeisuka mimi, na bado niliruka. Mlango ukafunguka kwa kishindo, upepo ukaingia, wakaingia wawili wakiguna kama fahali. Wakakita miguu sakafuni mara saba kabla ya hatua ya kwanza. Nyumba ni ya mbao; ilitetemeka hadi vikombe vikalia.

“Uooo! Nakuko wa ine ga!” Hakuna mtoto anayelialia humu? Hakuna asiyesikia la mama yake?

Mtoto hakulia mara moja. Kwanza alinyamaza kabisa, macho wazi, kisha ikatoka sauti ambayo sijaisikia kwa mtoto tangu niondoke nyumbani. Alimrukia baba yake, akamshika shingoni kama nazi na mnazi. Namahage wakazunguka vyumba vyote wakifungua milango na makabati. Wakarudi. Wakamvuta mtoto mguu, na baba yake akamvuta upande wake. Nilitarajia watu wazima wacheke. Hakuna aliyecheka. Baba yule, ambaye mchana alikuwa akitania na simu mkononi, sasa alikuwa amemfunika mwanawe kwa mwili wote na kusema, kwa sauti ya kweli kabisa: huyu ni mtoto mzuri, simtoi.

Hapo ndipo nilipoielewa shughuli hii. Picha zote nilizowahi kuona zinaonyesha kinyago na mtoto anayelia. Mikono iliyomzunguka huyo mtoto hukatwa pembeni mwa picha.

Kisha mwenye nyumba, babu wa mtoto, akajongea kwa magoti, akainama, akawapa heri za mwaka, akawaomba waketi. Wakakita miguu mara tano, wakaketi. Na tazama, baada ya ngurumo zote zile, ikawa maongezi ya wazee barazani. Mpunga ulikuwaje? Afya je? Mama mzee mguu umepona? Babu akawamiminia sake. Mmoja akatoa daftari kutoka ndani ya mabua, akapekua kwa kidole kinene.

“Limeandikwa hapa, mtoto huyu anacheza michezo ya runinga wala hasaidii kazi.”

“Limekosewa. Jana tu kaondoa theluji mlangoni.”

“Na karoti?”

“Anakula. Leo kala zote. Bibi yake ni shahidi.”

Bibi akathibitisha. Kila shitaka lilijibiwa, na kila jibu babu alilisindikiza kwa kikombe. Wahenga wetu walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu hajui tu jina lako, anajua umeacha karoti ngapi kwenye sahani. Nong'ona ile ya mlangoni ilikuwa na kazi.

Daftari likafungwa nusu. Kinyago kikanigeukia.

“Na huyu?”

Mwenzangu akanitafsiria, akiwa na furaha isiyo na adabu.

“Mgeni kutoka Afrika,” babu akasema. “Mwanafunzi. Kasuka kede.”

“Mama yake yu hai?”

“Yu hai.”

“Anampigia simu?”

Nikafungua mdomo. Ukweli ni kwamba tangu Oktoba natuma ujumbe wa maandishi, na picha za theluji. Kabla sijatafuta uongo wa kufaa, babu alikuwa ameshapiga goti mbele yangu, mkono mmoja kifuani pangu kana kwamba wangenivuta na mimi mguu. “Anapiga kila wiki. Kijana mzuri huyu. Nyumba hii inamdhamini.”

Mimi, mtu mzima mwenye ndevu, nilidhaminiwa kwa uongo na mzee niliyemfahamu siku mbili. Masikio yaliniwaka moto. Kikombe cha sake kikanyooshwa kwangu. Babu akakipokea akakinywa yeye, akanisukumia chai.

Wakamwapisha mtoto, wakatuombea mwaka wa heri, wakainuka, wakakita mara tatu, wakatoka. Mabua yalikuwa yametapakaa kila mahali. Hakuna aliyefagia.

Mimi sikubaki ndani. Anahitajika mtu wa kubeba mfuko wa mochi na bahasha ambazo kila nyumba hutoa, na mwaka huu mbebaji wao ana mgongo mbovu. Nikavishwa koti la mvua, nikawafuata. Nyumba kumi na moja. Zenye watoto zilikuwa tatu.

Ile ninayoikumbuka zaidi haikuwa na mtoto. Mama mmoja mzee sana, peke yake, alikuwa ameandaa meza kamili na kuvaa vizuri. Walimkitia mara saba, hawakupunguza hata moja. Wakamngurumia: unakunywa dawa zako? Humbebi paka ngazini? Akajibu kila swali huku amepiga magoti, akiinama, akicheka na kufuta macho kwa mkono wa nguo. Walikaa pale kuliko nyumba nyingine yoyote. Tulipotoka, Namahage wa buluu alisimama gizani, akainua kinyago kidogo ili apumue, na mvuke ukapanda. Alikuwa yule kijana wa miaka 38. Akasema zamani walikuwa wakigombania nani avae. Ilikuwa kazi ya vijana ambao hawajaoa. Yeye ana wake wawili, akamaanisha watoto, akajirekebisha, amelewa. Siku hizi mitaa mingine huomba wanafunzi wa vyuo, hata wageni. Akanitazama juu hadi chini kama anayepima kede. Sikujibu.

1 Januari

Nimelala hadi saa nne. Supu ya mochi, upepo umetulia, bahari rangi ya bati. Bibi ameokota mabua ya sebuleni na kujifunga moja kichwani. Bua lililodondoka lenyewe huleta afya, lakini ukilichomoa kwenye kede linapoteza nguvu. Mtoto amejifunga pia, anatembea akikita miguu na kuuliza kila mtu kama analialia. Kede zimepelekwa kwenye hekalu dogo la mtaa, zimezungushiwa nguzo. Sijafanya kitu kingine.

2 Januari

Safari ya kurudi ni jioni, kwa hiyo mwenzangu amenizungusha na gari.

Kwanza Monzen, kwenye ngazi za mawe. Hadithi yao yasema mfalme mmoja wa Uchina wa enzi ya Han alikuja na mazimwi watano. Alipowapa likizo ya siku moja walikwapua mazao na mabinti. Wanakijiji wakawawekea sharti: jengeni ngazi elfu moja usiku mmoja kabla jogoo hajawika, na kila mwaka tutawapa binti mmoja, mkishindwa, msirudi. Wakajenga kwa kasi ya kutisha. Walipofika 999 mtu mmoja akaiga sauti ya jogoo. Mazimwi wakakimbia. Nimepanda zote mpaka kwenye vibanda vitano vya ibada kule juu, nikiwa nimeshika kila mti ulioweza kushikika, kwa maana barafu ilikuwa juu ya jiwe na theluji juu ya barafu. Sikuhesabu. Naamini 999 bila ushahidi.

Kisha Shinzan, kwenye jumba la makumbusho la Namahage. Ukutani kuna zaidi ya vinyago mia, na hapo ndipo uongo wa mabango unapoonekana: kila mtaa una uso wake. Kuna vya mbao, vya magome, vya ungo uliopakwa rangi. Vingine vina sura ya babu aliyekosa usingizi. Vya Shinzan penyewe havina pembe kabisa. Kuna pia mchoro wa Sugae Masumi, msafiri aliyelala kijiji cha huku mwaka 1811 na kuandika alichokiona, wakati huo desturi ikifanyika usiku wa tarehe 15 ya mwezi wa kwanza kwa kalenda ya zamani. Mgeni mwenye shajara, kabla yangu kwa miaka mia mbili na ushei. Nilisimama pale kwa muda.

Kwenye hekalu la hapo, kila Februari, kuna tamasha kubwa la Namahage wanaoshuka mlimani na mienge usiku, lililoanzishwa mwaka 1964 kwa kuunganisha ibada ya zamani ya moto na hao wabisha hodi. Mwenzangu anasema ni zuri na nije. Ila hilo, anasema, ni la kutazama.

Komachi ya jioni. Omagari tumegeuka tena. Japani hupigi simu ukiwa kitini. Nimetoka hadi kwenye kijia baina ya mabehewa, kwenye kelele na baridi, nikabonyeza namba ya nyumbani. Tanga ilikuwa mchana. Simu haikuita mara mbili.

“Haloo? Mwanangu? Kuna nini? Nani amekufa?”